Kibodi Inayokaa Mezani

Leo nimekaa na barua iliyotoka hapa hapa kwetu Section 58, Nakuru. Aliyeandika ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anaishi kwenye bedsita, mchana yuko kazini mjini na usiku anatengeneza biti kwenye laptopu. Ameweka akiba hadi ikafika shilingi 15,000, na anataka kununua kibodi ya MIDI. Meza yake ni ndogo, sentimita 90 kwa 45, na juu yake kuna laptopu, thermosi ya chai na kikaratasi cha namba za tokeni za stima. Wenzake wa kwaya wamemwambia kwamba kitu chochote chenye vitufe chini ya 61 ni kichezeo cha watoto. Sasa anauliza: dada, ninunue kipi?

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia pesa zikishatoka, na hapo sina la kuwasaidia ila pole.

Jibu langu ni hili: nunua kibodi inayoenea kwenye meza yako na kubaki pale pale, imeunganishwa na laptopu, usiku na mchana. Mambo mengine yote, idadi ya vitufe, jina la kampuni, taa za rangi, yatafuata hilo. Keti nikueleze.

Nilichojifunza kwa pesa zangu

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado naishi chumba kimoja, nilinunua kibodi ya vitufe 61. Niliinunua kwa sababu ya macho ya watu. Nilimwona mpiga kinanda wa kanisani akiwa na chombo kirefu, nami nikataka kirefu. Nilipofika nacho nyumbani nikakuta meza yangu ina sentimita 80 na kibodi inakaribia mita nzima. Nikaijaribu kitandani, mgongo ukauma. Nikaiweka mapajani, nimeketi kwenye stuli, ikawa inateleza. Mwishowe ikaegeshwa nyuma ya mlango ikiwa imefunikwa shuka.

Kila nilipotaka kuipiga ilibidi nihamishe laptopu, niondoe vyombo, nivute kiti, nitafute waya. Dakika kumi zinaisha kabla hata noti moja haijalia. Mtu ametoka kazini, amesimama kwenye matatu kutoka mjini, bado hajapika, hizo dakika kumi atazitoa wapi? Kwa miezi sita niliipiga mara tano hivi. Halafu nikaiuza kwa hasara.

Pesa nilizopata zikanunua ndogo ya vitufe 25. Hiyo ikakaa mbele ya laptopu. Nikisubiri maji ya ugali yachemke, mkono unaenda wenyewe. Nikiongea na mama kwa simu, kidole kinatafuta wimbo. Mwezi haukuisha nikawa napiga nyimbo nne za kanisani kwa mkono wa kulia bila kutazama. Sikuwa nimepata kipaji kipya. Kibodi ilikuwa karibu nami, basi.

Kibodi si kinanda

Kabla hujaenda dukani, elewa unachonunua. Kinanda kama kile cha kanisani kina sauti zake ndani na mara nyingi kina spika zake. Kibodi ya MIDI kwa kawaida haina sauti yoyote. Ukiibonyeza ikiwa haijaunganishwa utasikia plastiki ikigonga plastiki tu. Nimewahi kumwona mtu akirudisha kibodi nzima kabisa dukani akilia kwamba ameuziwa mbovu, kumbe hakuna aliyemwambia.

Kazi yake ni kutuma ujumbe. Ukibonyeza kitufe, kibodi inaiambia laptopu mambo machache kwa namba: ni noti gani, imebonyezwa kwa nguvu gani, na imeachiliwa lini. Do ya katikati ya piano ni namba 60. Nguvu ya mguso mwisho wake ni 127. Kwa hivyo ukigusa ile do kwa upole, ujumbe unaokwenda ni kama "60, kwa nguvu ya 40". Ukiigonga kwa hasira ya wimbo, ni "60, kwa nguvu ya 115". Programu iliyo ndani ya laptopu ndiyo inayogeuza namba hizo kuwa piano, ngoma, besi au tarumbeta. Ukikosea noti, hurudii wimbo mzima. Unaisogeza ile noti moja kwa kipanya na maisha yanaendelea.

Lugha hii ya namba, MIDI, ilizaliwa mwaka 1983. Kabla yake, chombo cha kampuni hii hakikuelewana na cha kampuni ile. Dave Smith wa Sequential Circuits kule Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland kule Japani ndio waliosukuma makampuni yakubaliane, na Januari ya mwaka huo, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, chombo cha Sequential kiliunganishwa kwa waya na cha Roland, vikazungumza. Hawakuitoza lugha hiyo ada ya matumizi. Kampuni yoyote iliruhusiwa kuitumia. Mwaka 2013 wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Nimekusimulia haya kwa sababu moja. Kibodi ya bei ya chini na ile ya bei ya kutisha zinatuma namba za lugha moja. Ukubwa wa kibodi hauongezi utamu wa sauti hata chembe. Utamu uko kwenye programu na kwenye masikio yako. Kwa hiyo wenzako wanaosema ndogo haina sauti nzuri, waambie kwa heshima kwamba hata kubwa haina sauti.

Pima kwa katoni

Sasa tuje mezani. Laptopu ya inchi 15 ina upana wa sentimita kama 36, na kwenda ndani inachukua kama 25. Meza yako ina 45 kwenda ndani. Zinabaki 20 mbele ya laptopu. Hizo sentimita 20 ndizo kiwanja chako, na watu wengi huzisahau. Wanapima urefu wa meza kutoka kushoto kwenda kulia, wanasahau kwenda ndani.

Vitufe vya ukubwa wa piano vina vipimo vinavyojulikana. Kitufe cheupe kimoja kina upana wa milimita kama 23 na nusu, na oktava moja ni sentimita 16 na nusu hivi. Piga hesabu: vitufe 25 vya ukubwa kamili vinachukua sentimita 35, vitufe 49 vinachukua 68, vitufe 61 vinakaribia 85, na piano nzima ya vitufe 88 inafika 122. Hapo sijaongeza kingo za pembeni na magurudumu ya kupindisha sauti, ambayo mara nyingi hukaa upande wa kushoto na kula sentimita kumi au zaidi. Ndiyo maana ile yangu ya vitufe 61 ilinishinda.

Zile ndogo za vitufe vyembamba hubana zaidi. Akai MPK Mini ya toleo la tatu ina upana wa takriban sentimita 32 na kwenda ndani 18. Kwenye meza yako inaingia na kubakiza sentimita mbili. Arturia MiniLab 3 ina upana wa takriban 36 na kwenda ndani 22. Hiyo itachungulia nje ya ukingo kidogo, isipokuwa uinue laptopu kwa stendi ili kibodi iingie chini yake. Korg nanoKEY2 ni nyembamba kama rula: kwenda ndani ni sentimita kama 8 tu, na uzito wake ni chini ya robo kilo.

Fanya hivi. Chukua katoni tupu ya biskuti, ikate kwa vipimo vya kibodi unayoifikiria, uiweke mbele ya laptopu. Usiiondoe kwa wiki nzima. Kula hapo, andika hapo, tazama filamu hapo. Weka vidole juu yake uone kama viwiko vinakaa sawa au mabega yanapanda. Katoni ikikukera hadi ukaitupa chini ya kitanda, jua kibodi nayo itakwenda huko huko. Na ikiwa meza ni nyembamba mno, zungumza na seremala wa mtaani akutengenezee trei ya kuvuta chini ya ubao, ilmradi magoti yapate nafasi. Hakikisha tu trei ni ya kuvuta kwa mkono mmoja, usije ukarudi kwenye zile dakika kumi zangu.

Vitufe vingapi?

Hapa jiulize unatengeneza nini usiku.

Kama ni biti, ngoma, besi na melodi fupi, vitufe 25 vinakutosha. Hizo ni oktava mbili. Kuna vibonye vya kupandisha na kushusha oktava, kwa hivyo unapiga besi huku, unabonyeza, unapiga melodi kule juu. Hupigi vyote kwa wakati mmoja, lakini kwenye kompyuta kila kitu hurekodiwa kwa tabaka lake, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kama unapenda kushika noti tatu au nne kwa mkono wa kushoto na kuimbisha kwa wa kulia, tafuta 32 au 37. M-Audio Keystation Mini 32 ina vitufe vyembamba 32 na upana wa sentimita kama 42, na ni nyembamba sana kwenda ndani, kama sentimita 10. Korg microKEY nayo hutoka kwa 25, 37 na zaidi.

Kama lengo lako ni kujifunza piano kwa mikono miwili ili Jumapili moja uketi mbele ya kwaya, hapo wenzako wana hoja. Vitufe 25 vyembamba havitakufundisha umbali wa vidole kwenye kinanda cha kweli. Utahitaji 49 au 61 vya ukubwa kamili, na meza yako haikubali. Usijilazimishe. Nitakuambia njia nyingine mwishoni.

Lakini nikisoma barua yako naona unatengeneza biti. Kwa hivyo kwako nasema 25, na 32 ikiwa katoni itakubali.

Yakague haya kabla ya kutoa pesa

La kwanza ni mguso. Bonyeza polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikibaki ile ile, kibodi haisikii mguso, iache. Ngoma isiyopanda na kushuka inachosha masikio, na utashinda usiku kucha ukirekebisha namba moja moja kwa kipanya.

La pili ni waya. Kibodi ndogo nyingi hula umeme kupitia USB ya laptopu na hazihitaji programu maalumu ili zitambuliwe. Hiyo ni baraka kwetu. Stima ikipotea, laptopu yenye chaji inaendelea kuilisha kibodi, na wewe unaendelea na biti gizani. Angalia tundu la waya ni la aina gani, na waya ule unapatikana madukani hapa. Ukipewa kibodi yenye waya wa ajabu usiouzwa Nakuru, siku ukikatika umekwama.

La tatu ni pedi, zile za mraba za mpira zinazogongwa kwa vidole. Kwa mtu wa biti, pedi ni muhimu kuliko vitufe kumi vya ziada. MPK Mini na MiniLab 3 zina pedi 8. Novation Launchkey Mini ina 16. Zote tatu zina vinobu 8 vya kuzungusha, na MiniLab inaongeza vile vinne vya kusukuma juu na chini.

La nne ni tundu la pedali ya mguu. Leo huioni haja yake. Mwakani ukianza kupiga vipande vya piano vinavyovuta, utaitaka.

Taa za rangi usizilipie.

Akiba yako ya 15,000

Jikune ujipatapo. Kibodi ndogo hizi za vitufe 25 zenye pedi, huko Marekani huuzwa kwenye eneo la dola mia moja au zaidi kidogo. Kwa kiwango cha shilingi 129 au 130 kwa dola, hiyo ni kama 13,000. Ikifika Kenya inaongezewa VAT ya asilimia 16, ada za forodha, usafiri na faida ya muuzaji. Kwa hiyo ukikuta mpya ya jina kubwa kwa bei nusu ya hiyo, jiulize maswali mazito. Na ukiambiwa bei mara tatu, aga kwa adabu na uende duka la pili.

Ninachokuomba ni hiki: usimalize 15,000 yote kwenye kibodi. Tenga pesa za hedifoni ya waya. Kuta za fleti zetu hapa Section 58 ni nyembamba, na jirani mwenye mtoto mchanga hataki besi yako saa nne za usiku. Tena isiwe ya Bluetooth. Sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingi zaidi ya milisekunde mia moja. Unabonyeza sasa, unasikia baadaye, na mkono unachanganyikiwa. Vijana wengi huilaumu kibodi bure, kumbe kosa ni la hedifoni.

Kama pesa hazitoshi vyote viwili, chukua kibodi rahisi zaidi kama nanoKEY2, au ya mtumba iliyo nzima, lakini hedifoni iwepo.

Kuhusu programu, usipakue za wizi. Zinaleta virusi, na laptopu ndiyo studio yako yote. LMMS ni ya bure, Waveform Free ni ya bure, na wenye Mac wana GarageBand. FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, inakuruhusu kujaribu karibu kila kitu bure, ila kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Ukishanunua, matoleo mapya yanakuja bila kulipa tena, kwa hivyo inafaa kuiwekea akiba taratibu. Kibodi nyingi mpya pia hubeba programu ndani ya bei yake: Launchkey Mini na MiniLab huja na Ableton Live Lite. Sajili kibodi siku hiyo hiyo ukiinunua uipate.

Ya mtumba, nenda na laptopu yako

Kwenye mitandao utakuta watu wanauza kibodi. Madukani Nairobi, hasa upande wa Luthuli Avenue, utakuta mpya na zilizotumika. Ni kilomita kama 160 kutoka hapa, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa, ndiyo. Lakini kutuma M-Pesa kwa mtu usiyemjua ili akuletee kitu kwa matatu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Kibodi ilifika ikiwa imefungwa vizuri kwenye gazeti, sol ya juu ilikuwa imekufa, na tundu la USB lilikuwa limelegea hadi ilibidi nishikilie waya kwa kidole huku napiga kwa mkono mwingine. Simu ya muuzaji haikupokelewa tena.

Kwa hiyo beba laptopu ikiwa na chaji na programu uliyoizoea. Unganisha kibodi hapo hapo mbele ya muuzaji. Bonyeza kila kitufe, cheupe na cheusi, kimoja kimoja kutoka kushoto hadi kulia, polepole kisha kwa nguvu. Gonga kila pedi pembeni na katikati. Zungusha kila kinobu kutoka mwanzo hadi mwisho uangalie namba kwenye skrini: zikirukaruka, kinobu kimechakaa. Tikisa waya kidogo ukiwa umeshika noti. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Kazi yote ni dakika tano. Muuzaji akikataa ujaribu, umeshapata jibu lako.

Na muulize kama aliisajili. Programu zinazokuja na kibodi hutolewa kwa namba ya siri ambayo kwa kawaida hutumika mara moja. Mmiliki wa kwanza akishaichukua, wewe unanunua plastiki na vitufe tu, na bei ishuke kulingana na hilo.

Usiku wa kwanza nyumbani

Umefika, umeunganisha, umebonyeza, sauti inakuja baada ya kitambo. Usishtuke. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Kwa kawaida kila sekunde ina vipande 44,100 vya sauti. Fungu likiwa na vipande 1,024, unasubiri milisekunde kama 23. Likiwa na 256, unasubiri kama sita, na sikio halisikii tofauti. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu yako, chagua kiendeshi cha sauti cha ASIO kama unatumia Windows (FL Studio huja na cha kwake, na ASIO4ALL hupatikana bure), kisha shusha fungu hadi 256. Sauti ikianza kukwaruza, panda hatua moja. Laptopu ya zamani hukubali 512, na bado utapiga vizuri.

Kama siku moja laptopu itapelekwa kwa fundi, simu ya Android inaweza kushika zamu. Tafuta adapta ya OTG, unganisha kibodi, ufungue FL Studio Mobile au programu nyingine inayopokea MIDI. Kibodi ndogo zina faida hapa pia, kwa sababu hazili umeme mwingi wa simu.

Halafu vumbi. Wazee husema jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayefagia nyumba hapa mwezi wa Februari hahitaji ushahidi. Vumbi likiingia chini ya vitufe na kwenye vinobu, kibodi inaanza kurukaruka. Ukimaliza kupiga, ifunike na leso. Usiiondoe mezani, ifunike hapo hapo. Na thermosi ya chai ihamie kwenye stuli, tafadhali.

Na ambaye hana hata hiyo akiba

Najua wengine mnasoma mkiwa na shilingi mia tatu na ndoto. Msingoje. Programu nyingi za biti hugeuza kibodi ya kuandikia kuwa vitufe vya muziki. Kwenye FL Studio, mstari wa Z, X, C, V unakuwa noti nyeupe, na S na D juu yake zinakuwa nyeusi. Haisikii mguso, lakini melodi utaitoa. Nimesikia biti nzuri zilizotengenezwa hivyo mwanzo hadi mwisho.

Na wewe mwenye barua, ile njia ya kujifunza piano niliyokuahidi ni hii. Vinanda vingi vya makanisani ni Yamaha za PSR. Baadhi zina tundu la nyuma lililoandikwa USB TO HOST. PSR-E373 inalo, PSR-E273 haina. Kikiwa na tundu hilo, kinanda hicho kinaweza kuwa kibodi ya MIDI ya vitufe 61 kwa waya tu wa kichapishi. Omba kiongozi wa kwaya akuruhusu saa mbili za Jumamosi alasiri, uende na laptopu yako. Mikono miwili itajifunza kanisani, biti zitajengwa nyumbani, na meza yako ndogo haitabebeshwa mzigo usio wake.

Nimalizie na hilo neno "kichezeo", kwa sababu naona ndilo lililokuuma. Studio ya Calif Records, iliyotupa muziki wa genge, ilianzia mtaa wa California, Eastlands ya Nairobi. Muziki wa singeli uliovuka bahari kwenye albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017 ulitoka kwenye studio ya mtaani Dar es Salaam. Waliofanya muziki huo hawakungoja wapate jumba. Walikuwa na vyombo vyao karibu, na wakavigusa kila siku.

Kwa hivyo usiku wa leo usiende mtandaoni kutafuta bei. Tafuta katoni na makasi. Kata sentimita 32 kwa 18, uiweke mbele ya laptopu, uiache hapo. Jumapili ijayo, ikiwa bado iko palepale na vidole vyako vimeshaanza kuigonga bila wewe kujua, chukua pesa zako uende ukanunue. Kisha niandikie uniambie wimbo wa kwanza ulikuwa upi.